Daftari la Tarehe: Alizaliwa lini, na nani kasema?

Toleo lililopita nilichapa orodha ya watu mashuhuri waliozaliwa mwishoni mwa majira ya joto ya kaskazini, yaani tangu Agosti inapoingia hadi ile siku ya Septemba ambapo mchana na usiku hulingana. Nilidhani ni kazi ya kujazia ukurasa tu. Barua zilizoletwa zimenitoa jasho. Kuna wanaonisahihisha, kuna wanaonitafutia ugomvi, na yupo mmoja aliyeuliza swali ambalo nimelikwepa kwa miaka 24. Basi nimelifungua lile kaunta buku langu jeusi, ambalo tarehe huziandika kwa wino wa buluu na makosa yangu kwa wino mwekundu. Tuanze.

*Mzee wa Kalenda, shikamoo. Uliandika kwamba Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, alizaliwa Agosti 4, 1901. Baba ana santuri yake ya zamani, na nyuma ya jalada imeandikwa Julai 4, 1900. Baba anasema umezeeka. Ukweli ni upi?*
Binti wa Mwenye Santuri

Marahaba, mwanangu. Mwambie baba kuzeeka nimezeeka, ila tarehe hii niliikosea nikiwa kijana. Mwaka wangu wa kwanza katika ukurasa huu nilichapa Julai 4, 1900, sawasawa na jalada lenu, baada ya kuinakili kwenye ensaiklopidia bila kujiuliza chochote. Wiki iliyofuata nikaletewa barua ya mstari mmoja: "Tafuta kitabu cha ubatizo." Ndiyo wino mwekundu wa kwanza katika daftari hili.

Armstrong mwenyewe aliitaja Julai 4, 1900 maisha yake yote, na sioni sababu ya kumwita mwongo. Ni mtoto aliyekulia katika umaskini New Orleans, cheti hana, siku ya uhuru wa Marekani ni Julai 4, na 1900 ni mwaka usiosahaulika. Tarehe ya namna hiyo ukishapewa utotoni huiachii. Mwaka 1970 alifanyiwa sherehe kubwa ya kutimiza miaka 70. Akafariki Julai 6, 1971. Miaka ya 1980 ndipo mtafiti mmoja alipofunua kitabu cha ubatizo cha kanisa moja la mji ule akamkuta mtoto Louis, kazaliwa Agosti 4, 1901. Hesabu mwenyewe: alifariki akiwa na miaka 69. Sabini aliyosherehekewa hakuifikia.

Tangu hapo nimejiwekea sharti. Karatasi iliyoandikwa karibu zaidi na kuzaliwa ndiyo ninayoanza kuiamini, halafu maneno ya waliokuwepo, halafu ya mwenyewe. Jalada la santuri linakaa mkiani, lakini hilo umwambie baba kwa upole.

Agosti 4 ina wageni wengine. Mwaka 1900 alizaliwa mama yake Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, ambaye aliishi miaka 101. Kama Armstrong angekuwa sahihi, wangepishana mwezi mmoja kamili. Na mwaka 1961, huko Honolulu, akazaliwa Barack Obama.

*Mzee, wenye nyota ya Simba ni viongozi tangu tumboni. Fidel Castro Agosti 13, Napoleon Agosti 15, Marcus Garvey Agosti 17, na Obama umeshamtaja kila mara. Kataa sasa!*
Simba wa Agosti

Nakataa. Agosti 13 hiyohiyo ya Castro alizaliwa Alfred Hitchcock, mwaka 1899, na uongozi wake ulikuwa wa kututisha gizani kwenye majumba ya sinema. Ukichambua orodha ukaokota viongozi peke yao, bila shaka mkononi utabaki na viongozi. Askari waliokufa wakimfuata Napoleon nao walikuwa na nyota, na Simba hawakukosekana.

Ila umefanya vema kumleta Napoleon, kwa sababu karatasi zake ni kisa kizima. Alizaliwa Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica, Agosti 15, 1769. Kisiwa hicho kilikuwa mali ya Genoa hadi Mei 15, 1768, kilipokabidhiwa Ufaransa kwa mkataba. Kwa hiyo Mfaransa huyu mkubwa kuliko wote aliuwahi Ufaransa kwa miezi 15 tu, na maadui zake hawakuchoka kunong'ona kwamba tarehe imesogezwa. Walikuwa na cha kushikia. Alipomwoa Joséphine mwaka 1796, hati ya ndoa iliandikwa kwamba bwana harusi kazaliwa Februari 1768. Alijiongezea mwaka mmoja na nusu! Bibi harusi naye alijipunguzia miaka minne, nia yao ikiwa kwamba umri wao ulingane kwenye karatasi. Unaona kwa nini hati ya ndoa siipi cheo cha cheti cha kuzaliwa. Inaandikwa na watu waliokwisha kujua wanataka kuonekanaje.

Baadaye, akiwa mfalme wa wafalme, hakuhitaji tena kusogeza kitu. Mwaka 1806 aliitangaza Agosti 15 kuwa sikukuu ya Mtakatifu Napoleon, mtakatifu ambaye hadi wakati huo Wafaransa wengi walikuwa hawajawahi kumsikia.

*Shikamoo Mzee. Nimesoma kwamba kwa Waakan jina Kwame hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa Jumamosi. Kwame Nkrumah umemweka Septemba 21, 1909. Nimeangalia kwenye simu, siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nani alidanganya, mama au padri?*
Mwanafunzi Mdadisi

Marahaba. Barua hii nimeisoma mara tatu, na ya tatu nikasimama nikatembea chumbani. Nimehesabu upya bila simu na jibu ni hilohilo: Jumanne.

Hakuna aliyedanganya. Nkrumah alizaliwa katika kijiji cha Nkroful, kusini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Ghana, pahali ambapo wakati huo hapakuwa na ofisi ya kuandika watoto. Mama yake alijua vitu viwili kwa hakika: ilikuwa Jumamosi, na ilikuwa katikati ya Septemba. Jumamosi haikuhitaji karatasi, maana ilikaa ndani ya jina la mtoto, na kila aliyemwita aliitaja. Padri aliyembatiza baadaye alikuwa na karatasi yenye nafasi ya tarehe, na nafasi ya tarehe haipokei "katikati ya Septemba". Akakadiria: 21, 1909. Nkrumah mwenyewe katika kitabu cha maisha yake alikiri kwamba ni makadirio ya padri, na kwamba ndiyo tarehe aliyoitumia katika hati zake zote.

Sasa tazama kalenda ya Septemba 1909. Jumamosi zake ni 4, 11, 18 na 25. Iliyo jirani na katikati ya mwezi, na jirani na 21 ya padri, ni 18. Ukinibana ukutani nitakuambia Septemba 18. Lakini Ghana huadhimisha Septemba 21, na katika daftari nimeziandika zote mbili, ya padri kwa wino na ya jina kwa penseli.

Na usidhani tarehe za rasmi na majina hugombana siku zote. Kofi ni mtoto wa Ijumaa. Kofi Annan alizaliwa Aprili 8, 1938, na Aprili 8 ya mwaka huo ilikuwa Ijumaa. Aprili si msimu wetu, lakini yeye huingia katika ukurasa wa Agosti kwa mlango wa nyuma, kwani alifariki Agosti 18, 2018. Jomo Kenyatta vilevile: ya kufariki tunayo, Agosti 22, 1978, ila ya kuzaliwa hakuna karatasi iliyoibeba, na mimi sitampa ya kubuni.

*Leo Tolstoy na Goethe wamezaliwa siku moja, Agosti 28. Wewe umewatenganisha. Sahihisha.*
Mpenda Vitabu

Hutaki salamu, unataka damu. Sawa.

Goethe alizaliwa Frankfurt, Agosti 28, 1749, na kalenda iliyokuwa ukutani kwao ni hii tunayoitumia sisi. Tolstoy alizaliwa Yasnaya Polyana, Agosti 28, 1828, lakini kalenda ya Urusi ilikuwa ile ya Juliasi, ambayo karne hiyo ilikuwa nyuma kwa siku 12. Kwetu sisi siku hiyo ni Septemba 9. Wanafanana tarehe, hawafanani siku. Na kwa kuwa Goethe alikuwa bado hai mwaka huo, tunaweza kusema jambo zuri zaidi kuliko la kufanana: alikuwa ametimiza miaka 79 siku 12 tu kabla Tolstoy hajazaliwa.

Urusi ilihama kalenda mwaka 1918, ambapo watu walilala Januari 31 wakaamka Februari 14. Tolstoy alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1910, kwa hiyo yeye hakuwahi kuijua Septemba 9 kama siku yake. Hilo hunipa shida kidogo kila ninapoichapa.

Aliyeijua shida hii kwa mwili wake ni Samuel Johnson, Mwingereza mtunga kamusi. Alizaliwa Septemba 7, 1709. Uingereza ilipobadili kalenda mwaka 1752, ilifuata Septemba 2 moja kwa moja na Septemba 14, zile za katikati zikafutwa. Septemba 7 ya mwaka huo haikuwepo! Bwana Johnson akahamia Septemba 18 na huko ndiko alikosherehekea hadi uzee. Malkia Elizabeth wa Kwanza naye ni wa Septemba 7, ya mwaka 1533, na yeye tumemwacha alipo kwa sababu mwaka huo kalenda mpya haikuwa imebuniwa na mtu yeyote. Ukiniuliza, ndivyo inavyotakiwa. Kumhamisha mtu baada ya kufa kwa kalenda asiyoijua ni kumsumbua kaburini.

*Mzee, mwezi Agosti umepewa jina la Augusto, kaisari wa Roma, kwa sababu alizaliwa mwezi huo. Sivyo?*
Mtoto wa Darasa la Saba

Sivyo, mjukuu, lakini watu wazima wengi hukosea kama wewe. Augusto alizaliwa Septemba 23, mwaka 63 kabla ya Kristo. Warumi walipotaka kumpa mwezi, mwaka 8 kabla ya Kristo, Septemba ulikuwepo na ulikuwa halali yake. Akachagua Sextilis, mwezi unaoutangulia, kwa kuwa ndani yake alipata ukonsuli wa kwanza, yaani cheo cha juu cha kuiongoza Roma, na ushindi wake mkubwa, ukiwemo ule wa kuiteka Aleksandria. Kwa hiyo Agosti ni mwezi wa ushindi wake. Mwezi aliozaliwa ulibaki na jina lake la zamani lenye maana ya "wa saba", ingawa ni wa tisa.

*Mzee salaam. Ofisini tuko 23, na wawili wetu tumezaliwa Septemba 26. Wenzetu wanasema ni muujiza. Je, kuna mtu mashuhuri wa siku hiyo?*
Pacha wa Ofisini

Wapo wanawake wawili ambao hakuna aliyeweza kuwanyamazisha: Winnie Mandela, 1936, na Serena Williams, 1981.

Muujiza haupo, samahani. Watu 23 ukiwapanga wawiliwawili unapata jozi 253, na kila jozi ina nafasi yake ndogo ya kulingana. Zikijumlishwa, uwezekano wa kupata angalau jozi moja unavuka nusu. Hiyo ni kama siku zote za mwaka zingekuwa sawa, nazo si sawa. Katika nchi nyingi za kaskazini Septemba ni mwezi wa watoto wengi, na takwimu za England na Wales za miaka 1995 hadi 2014 ziliitaja Septemba 26 hasa kuwa siku iliyoongoza kwa watoto waliozaliwa. Rudisha kidole nyuma wiki 39 kwenye kalenda utaangukia Krismasi. Zaidi ya hapo sisemi, ukurasa huu unasomwa na watoto.

Sasa ya haraka haraka, maana mhariri ananitazama.

Aliyezaliwa Agosti 5 na kuambiwa na mjomba wake kwamba siku yake haina mtu: ina mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, Neil Armstrong, 1930. Mwezi huohuo wa mwaka huohuo ulimleta Sean Connery, tarehe 25, na Warren Buffett, tarehe 30. Armstrong alifariki Agosti 25, 2012, siku Connery alipotimiza miaka 82.

Aliyeuliza nani mkubwa kati ya Madonna na Michael Jackson: Madonna, kwa siku 13. Agosti 16 na Agosti 29, wote 1958.

Anayetaka jina la Septemba 5: nina mfalme na mwimbaji wa bendi iliyoitwa malkia. Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, 1638, na Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara.

Aliyemtafuta Mama Teresa Septemba 5 akamkosa: hiyo ni siku aliyofariki, mwaka 1997, na Kanisa humkumbuka siku hiyo. Alizaliwa Skopje Agosti 26, 1910, akabatizwa kesho yake, na mwenyewe aliihesabu Agosti 27 kuwa ndiyo siku yake ya kweli ya kuzaliwa. Hapa sharti langu la karatasi linagonga mwamba. Karatasi haina kosa na mwenyewe hajasahau, kachagua tu.

Aliyebishana na kaka yake kwamba Usain Bolt alivunja rekodi ya dunia siku yake ya kuzaliwa: mmekaribia wote wawili. Bolt ni wa Agosti 21, 1986. Mbio za mita 200 za Beijing, sekunde 19.30, zilikuwa jioni ya Agosti 20, 2008. Za Berlin, sekunde 19.19, zilikuwa jioni ya Agosti 20, 2009. Mara zote mbili ni usiku wa kuamkia siku yake. Mpeni kaka nusu ya dau.

Na huyu wa mwisho.

*Mzee wa Kalenda, miaka yote unatutajia siku za watu. Yako je?*
Msomaji wa Tangu Mwanzo

Cheti changu kinasema Agosti 31. Kilitolewa nikiwa na miaka saba, shule ilipokidai, na aliyekwenda kuniandikisha ni baba, ambaye usiku niliozaliwa alikuwa safarini. Alipoulizwa tarehe alijibu bila kusita. Baba hakuwa mtu wa kusita.

Mama, ambaye bila shaka alikuwepo, husema "usiku wa kuamkia Septemba mosi". Nikimuuliza kabla ya saa sita au baada, hunijibu kwamba alikuwa na shughuli nyingine kuliko kutazama saa. Nimemuuliza nikiwa kijana, nikamuuliza nikiwa na wajukuu, na mara ya mwisho aliniambia kama ninalipwa kwa maswali ya namna hii basi nimtumie na yeye chake.

Agosti 31 walizaliwa Caligula, mwaka 12, na Commodus, mwaka 161, makaisari wawili wa Roma ambao waliuawa na watu wao wa karibu. Septemba 1 alizaliwa Rocky Marciano, mwaka 1923, bondia wa uzani wa juu aliyestaafu na mapambano 49 bila kushindwa hata moja. Nimejiandika Septemba 1, kwa penseli. Mama akikumbuka saa, nitaweka wino.